Kufunga rimu za spoki kwenye gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka, mengi yake nikiwa nimelala chini ya gari. Mfano wangu ni MGB, gari dogo la Kiingereza lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, kwa sababu ndilo nililolifungua na kulifunga mara nyingi kuliko mengine. Mengi ya humu yanafaa pia kwa Triumph, Austin-Healey na Jaguar za wakati ule. Wanaokuja kwangu kwa kawaida wameshanunua rimu, ziko kwenye boksi zinameremeta. Nami huwaomba kwanza wanionyeshe habu, yaani kitovu kile gurudumu linapovalishwa.

Rimu za spoki zenyewe ni zipi?

Ni gurudumu ambalo katikati yake pana mtungi wa chuma wenye meno kwa ndani, na pembeni pana duara la rimu, na vitu hivyo viwili vimeunganishwa na spoki za waya kama za baiskeli, ila nene zaidi. Halifungwi kwa nati nne au tano. Linasukumwa juu ya habu yenye meno kwa nje, meno yanaingiliana, kisha nati moja kubwa inafungwa katikati. Nati hiyo ndiyo ile yenye masikio mawili au matatu unayoiona kwenye picha za mashindano ya zamani, fundi akiipiga nyundo.

Spoki nyembamba hivyo zinabebaje gari zima?

Swali zuri, na watu wengi hulijibu kinyume. Waya hauwezi kusukuma. Jaribu kusimamisha spoki moja mezani uikandamize kwa kiganja: itapinda. Lakini ivute, hutaikata. Kwa hiyo spoki zote hukazwa mapema, kila moja inavuta. Gari likishuka chini kwa uzito wake, spoki za upande wa chini hupungukiwa na mvuto kidogo tu. Hazigeuki kuwa nguzo. Gurudumu likizunguka, kila spoki inapofika chini hulegea kidogo, na ikipanda hurudi kukaza, maelfu ya mara kila safari. Ndiyo maana spoki iliyolegea tangu mwanzo haidumu: inapofika chini hubaki haina mvuto kabisa, ikipanda inashtuliwa, na baada ya muda inakatika, mara nyingi pale shingoni inapopinda kuingia kwenye mtungi.

Angalia pia kwamba spoki hazitoki katikati moja kwa moja. Zinatoka kwa mshazari, nyingine zikielekea mbele na nyingine nyuma. Hizo za mshazari ndizo zinazopeleka nguvu ya injini na ya breki kutoka kwenye mtungi hadi kwenye tairi.

Nani alizibuni?

Spoki za kukazwa zilienea kwanza kwenye baiskeli. Nati ya katikati na meno ni kazi ya kampuni ya Rudge-Whitworth ya Uingereza, nayo ilianzia kwenye baiskeli, na mtu anayetajwa ni John Pugh. Miaka ya 1908 kwenda mbele gurudumu lake la kubadilisha haraka lilizua ugomvi mkubwa kwenye mashindano, maana tairi za siku hizo zilipata pancha kila mara na aliyeweza kubadilisha gurudumu zima kwa dakika alikuwa na faida wenzake hawana. Jina hilo lilishikamana na mashindano kiasi kwamba mbio za magari za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zilipoanza 1923, kombe lililokuwa likigombewa liliitwa Rudge-Whitworth. Huko Milano, Carlo Borrani alipata leseni ya kutengeneza magurudumu hayo mwaka 1922, na ndiyo yaliyokuja kuvalishwa Ferrari.

Nati bado inaitwa Rudge hadi leo, hata kama imetengenezwa juzi.

Nimenunua rimu tano za MGB. Naweza kuzifunga Jumamosi hii?

Inategemea gari lako lilitoka kiwandani na nini. Kama lilizaliwa na spoki, yaani habu zake tayari zina meno, ndiyo, na utamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kama lilizaliwa na rimu za chuma za nati nne, subiri kwanza. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha kila kitu kama kiwanda kilivyofanya. Mbele utavua habu za nati nne na kuweka za meno. Hapo utakutana na beringi, bomba la katikati na shimu zake, vile vipete vyembamba vya kurekebisha nafasi, na lazima upime uchezaji upya, usirudishe shimu zilezile kwa imani. Nyuma ndiko watu wanakokwama. Ekseli ya MGB ya spoki ni fupi kuliko ya rimu za chuma. Kiwanda kiliifupisha kwa sababu mtungi wa spoki unakaa nje zaidi. Ukichukua habu za meno ukazifunga kwenye ekseli ndefu, magurudumu yatatokeza nje na tairi litasaga madigadi kila ukipita shimo ukiwa na abiria. Kwa hiyo njia hii inamaanisha kutafuta ekseli nzima ya nyuma. Ni kazi ghali na ya muda, lakini gari linakuwa sahihi.

Ya pili ni adapta: kipande cha meno kinachofungwa juu ya stadi nne zako zilizopo, zile boliti zinazotokeza kwenye habu. Hii ndiyo inayochaguliwa na wengi, na sina ugomvi nayo ikifanywa kwa akili. Mambo mawili. Stadi zako zikitokeza kupita nati zake, zitagonga mtungi wa rimu kwa ndani, na gurudumu halitakaa kwenye koni yake, ule mteremko wa kuliweka katikati, hata ukaze namna gani. Stadi hizo hukatwa ziwe sawasawa na nati. Kabla hujakata, fikiri: ukishakata, hurudi tena kwenye rimu za chuma bila kubadilisha stadi. Jambo la pili, adapta zimetengenezwa nyembamba ili zisiongeze upana mno, lakini bado zinaongeza. Pima nafasi ya madigadi ya nyuma kwanza, gari likiwa limebeba watu wawili wazima na tangi limejaa, si likiwa juu ya jeki.

Ya tatu ni rimu za spoki zinazofungwa moja kwa moja kwa nati nne, zikiwa na kifuniko cha mapambo katikati chenye masikio ya uongo. Hazina meno ya kulika wala nati ya kupiga nyundo. Wenye kupenda uhalisi huzicheka. Mimi huwaambia wanaoendesha gari kila siku kwamba si wazo baya.

Na usisahau gurudumu la tano, la spea. Habu zikishakuwa za meno, spea yako ya chuma kwenye buti haina kazi tena. Nimewahi kumwona mtu aliyelipia magurudumu manne mazuri, akapata pancha, akafungua buti, akasimama tu.

Nati ya kushoto na ya kulia, kuna tofauti gani?

Kubwa. Tafadhali isome sehemu hii polepole.

Kwenye MGB, upande wa kushoto wa gari (ukikaa kwenye kiti unatazama mbele) nyuzi ni za kawaida: unakaza kwa kufuata mshale wa saa. Upande wa kulia nyuzi ni za kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka bila kuhesabu kushoto na kulia: kulegeza ni kuzungusha nati kuelekea gurudumu linakozunguka gari likienda mbele, kukaza ni kinyume. Yaani simama upande wowote, masikio ya juu yakienda upande wa bampa ya mbele unafungua. Yakienda upande wa buti unakaza. Nati nyingi zimeandikwa upande wake pamoja na mshale wa kufungulia, zikiwa hazijapigwa nyundo miaka arobaini hadi maandishi yakafutika.

Watu hubisha hapa. Wanasema ingekuwa busara nati ikazwe kuelekea mbele, ili gurudumu likizunguka liikaze. Chukua pete iliyo pana kidogo kuliko kidole chako, ivae, kisha zungusha kidole kama unachezesha hula hupu. Pete inatambaa polepole. Nati ya Rudge nayo ina koni kwa ndani, inaifunika pua ya gurudumu kama kofia, na ni pana kidogo kuliko pua hiyo. Uzito wa gari unaifanya itambae, na inatambaa kinyume cha mzunguko wa gurudumu. Kwa hiyo nyuzi zikiwa upande wake, kila kilomita inaikaza. Zikiwa upande usio wake, kila kilomita inailegeza.

Hilo nililijua kwa vitabu kabla sijalijua kwa mwili. Mwaka mmoja niliweka habu mpya za mbele kwenye gari langu mwenyewe, jioni, taa hafifu, nikabadilisha kushoto na kulia. Nati ziliingia vizuri tu, kwa sababu kila nati ilifuata habu yake. Nikaendesha hadi mjini bila tatizo. Wakati wa kurudi nikasikia mbele sauti kama kijiko kwenye kikombe. Niliposimama, nati ya kulia niliweza kuizungusha kwa vidole viwili. Tangu siku hiyo, kabla habu haijafungwa, naifunga nati juu yake mezani na kuandika upande kwa chaki.

Onyo kwa wenye magari mengine: si kila nati ya katikati ni ya aina hii. Zipo ambazo koni yake inaingia ndani ya gurudumu badala ya kulifunika, na kwa hizo pande zinageuka. Usichukue sheria ya MGB ukaipeleka kwenye gari usilolijua.

Nyuzi 8 na nyuzi 12 maana yake nini?

Idadi ya nyuzi katika inchi moja ya habu. Zote mbili zipo kwenye magari haya, na nati ya moja haifungi kwenye nyingine, ingawa huweza kuanza kuingia nusu mzunguko na kukudanganya. Weka rula juu ya nyuzi, hesabu inchi moja. Usiagize nati kwa kusoma mwaka wa gari peke yake, kwa sababu gari la miaka 50 limeshapitia mikono mingi na habu zake huenda zimetoka kwa ndugu yake mwingine.

Kwa nini gari langu lina nati ya pembe nane badala ya masikio?

Yamkini liliuzwa Marekani. Kuanzia magari ya mwaka 1968, sheria za usalama za huko zilipiga marufuku masikio yanayotokeza, wakihofia kumkata mpita njia. Ujerumani nao hawakuyataka. Pembe nane hufunguliwa kwa spana yake maalumu, kipande kipana cha kuvaa juu ya nati chenye mkono wa kupigwa nyundo. Kimuonekano naona masikio yanapendeza zaidi. Ila wezi nao wanayapenda zaidi, maana hawahitaji spana.

Nyundo gani, na nikaze kiasi gani?

Nyundo ya shaba, au ya risasi, au ile yenye shaba upande mmoja na ngozi upande wa pili. Gari lilitoka kiwandani na nyundo yake kwenye buti. Nyundo ya chuma itang'oa kromu kwa pigo la kwanza na kukunja sikio kwa la kumi. Nyundo ya mpira inadunda tu. Utachoka kabla nati haijasogea.

Kuhusu kiasi, hakuna kipimo cha spana hapa. Gurudumu likiwa hewani, zungusha nati kwa mkono hadi iguse, huku unatikisa gurudumu ili likae kwenye koni yake. Kisha mtu akanyage breki, uanze kupiga. Pigo la kwanza na la pili nati inasogea kwa urefu wa kidole. La tatu na la nne inasogea kwa upana wa ukucha, na sauti inabadilika: ule mlio wa "tap" wenye uvivu unakuwa mkali, kama kugonga reli. Ukisikia hivyo na nati haisogei tena, basi. Ukipiga zaidi ya hapo unamtesa tu atakayefungua, na huenda ni wewe, usiku, mvua inanyesha.

Ni lazima gurudumu liwe hewani. Likiwa chini, uzito umelivuta upande mmoja na koni haikai katikati. Endesha kilomita 30 hivi, inua tena, piga tena. Kwa rimu mpya hurudia baada ya kilomita 150, kwa sababu rangi au kromu iliyoko kwenye koni husagika kidogo na kuacha nafasi.

Grisi niweke?

Weka, lakini kama unapaka siagi kwenye mkate wa mgonjwa. Utando mwembamba kwenye meno yote, kwenye nyuzi, na kwenye koni zote mbili. Meno makavu hushika kutu na siku moja gurudumu litagoma kutoka kabisa. Grisi nyingi nayo hurushwa nje gari likienda kasi, ikachafua spoki na kupeleka vumbi ndani ya meno, na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa msasa.

Mara moja kwa mwaka, hata kama hujapata pancha, vua yote manne, osha meno kwa mafuta ya taa, kausha, paka upya.

Nikitoka rivasi kwenda mbele nasikia "ko!" moja nyuma. Ni difu?

Huenda. Lakini kabla hujafungua difu, inua nyuma ya gari, mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe shika tairi saa tatu na saa tisa ulizungushe mbele na nyuma. Mtungi ukisogea huku habu imesimama, meno yamekwisha. Vua gurudumu uyatazame. Meno mazima yana kilele bapa. Yaliyolika yamechongoka kama pezi la papa, na mara nyingi yamelala upande mmoja, ule unaosukumwa gari likienda mbele.

Hapa ndipo pesa hupotea. Mtu ananunua rimu mpya na kuzifunga kwenye habu iliyochongoka, kwa sababu rimu ndizo zinazoonekana. Meno mapya laini dhidi ya meno ya zamani makali: baada ya muda mfupi rimu mpya zimeliwa zikafanana na habu. Badilisha vyote viwili pamoja, au subiri hadi uweze. Mwishowe meno yakiisha kabisa, injini itazunguka na gurudumu halitazunguka. Breki nazo zinapita kwenye meno hayohayo.

Spoki 48, 60 au 72?

MGA za mwanzo, gari lililotangulia MGB, zilikuja na 48, na hizo zilijulikana kwa kulegea zikiendeshwa kwa ukali. MGB ilikuja na 60. Jaguar E-Type, gari zito na la kasi, ilipewa 72. Kama injini yako ni ya kawaida na barabara zako ni za lami, 60 zinatosha na ndizo halisi. Kama umeongeza nguvu, au unapita barabara mbovu, chukua 72. Ni wachache sana watakaosimama kuhesabu.

Kromu, rangi, au chuma kisichoshika kutu?

MGB nyingi zilitoka na rangi ya fedha. Kromu ilikuwa ya kuongezea pesa. Kwa uzuri wa picha, kromu. Kwa usafi wa roho, rangi. Kuosha gurudumu moja la kromu lenye spoki 60 kwa mswaki wa meno ni nusu saa. Magurudumu manne ni asubuhi nzima.

Kuna jambo zito zaidi. Kromu mbaya hudhoofisha spoki yenyewe: katika kuipaka, hewa ya haidrojeni huingia kwenye chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kijiti kikavu. Watengenezaji wanaojua kazi huondoa haidrojeni hiyo kwa joto, au hutumia spoki za chuma kisichoshika kutu. Ukiona seti ya kromu kwa bei ya kushangaza, jiulize ni hatua gani iliyorukwa.

Lazima niweke tyubu?

Kwa rimu za aina ya zamani, lazima. Kila spoki inatoboa rimu na kutokea ndani kwa kichwa chake. Hewa itatoka kwenye matundu sitini. Juu ya vichwa hivyo unavalisha mkanda wa mpira, kisha tyubu, kisha tairi. Kabla ya mkanda, pitisha kidole kuzunguka rimu yote. Spoki yoyote inayochoma kidole itachoma tyubu. Ichonge kwa tupa iwe sawa na kichwa.

Jambo ambalo mafundi wa tairi hawalijui siku hizi, kwa sababu hawafungi tyubu tena: tairi nyingi mpya zina vibandiko vya karatasi kwa ndani. Vibandue vyote. Karatasi ndogo ikisugua tyubu kwa kilomita elfu chache hutoboa, na utapata pancha ambayo tairi haina msumari wala tundu. Mimina pia poda kidogo ndani. Zipo rimu mpya ambazo kiwanda kimeziba vichwa vya spoki ili zisihitaji tyubu, na hizo zimepunguza kilio kikubwa.

Tairi saizi gani?

Rimu ya MGB ni inchi 14 kwa upana wa 4.5. Tairi la 155 au 165 ndilo lake. Usilazimishe tairi pana kwenye rimu nyembamba. Linabinuka, usukani unakuwa mzito, na tyubu inakunjika ndani.

Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa. Nimeshabalansi mara tatu.

Wamebalansi wakilishikaje? Gurudumu hili likiwa kwenye gari hukaa kwa koni mbili: koni ya habu inaingia nyuma ya mtungi, na koni ya nati inafunika pua ya mbele. Mashine ya kubalansi inapaswa kulishika vilevile. Duka moja la matairi lilinibalansia yote matano kwa kusukuma koni ya kawaida ya rimu za chuma kwenye meno. Mashine iliandika sufuri, sufuri. Gari likatetemeka vibaya kuliko lilivyokuja, kwa sababu walikuwa wamebalansi gurudumu lililokaa upande. Uliza kwanza kama wana koni za rimu za spoki, na kama hawana, peleka nati yako na kipande cha habu cha zamani, mchonga vyuma akutengenezee kishikio. Risasi, vile vipande vya uzito vya kubalansi, ziwe za kubandika kwa ndani.

Lakini kabla ya balansi, angalia kama rimu imenyooka. Inua gari, weka ncha ya penseli karibu na ukingo wa rimu, zungusha. Ukingo ukienda na kurudi zaidi ya milimita 1.5 hivi, au rimu ikipanda na kushuka kiasi hicho, hakuna risasi itakayokusaidia.

Fundi wa baiskeli anaweza kuinyoosha?

Anaelewa kazi kuliko fundi magari wengi, na mimi mwenyewe nilijifunzia kwa mzee wa baiskeli. Alinifundisha kupitisha spana juu ya spoki moja baada ya nyingine na kusikiliza. Spoki nzima inalia kama waya wa gitaa. Iliyolegea inasema "tek". Iliyokatika ndani ya kichwa haisemi kitu. Spoki moja moja ya kuguswa, robo mzunguko huku na robo kule, atakufanyia vizuri akiwa na spana inayoenea. Lakini tairi litolewe kwanza, kwa sababu spoki ikikazwa inapanda upande wa tyubu.

Gurudumu lililopoteza spoki zaidi ya tatu, au lililogonga ukingo wa barabara, si lake. Hilo linahitaji kuvuliwa spoki zote na kufumwa upya kwenye kishikio cha kupimia.

Barabara za vumbi na hewa ya pwani zinafanya nini?

Barabara yenye mawimbi ya vumbi, ile inayokutikisa meno kuanzia kilomita ya kwanza, ndiyo adui wa spoki kuliko mashimo. Shimo ni pigo moja. Mawimbi ni mapigo elfu kumi. Baada ya safari kama hiyo, piga spoki zote kwa spana siku hiyohiyo.

Kwa walioko Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi hutua kwenye kromu usiku hata gari likiwa limelala bandani, na huingia pale spoki zinapopishana, mahali kitambaa hakifiki. Maji matamu kila wiki, kisha endesha kidogo ili likauke. Mmoja wa wateja wangu alihamia bara kutoka Mombasa na rimu zake za kromu za miaka minne. Kwa mbali zilikuwa mpya, kwa karibu kila makutano ya spoki yalikuwa na pete ya kahawia. Tuliishia kuzipaka rangi ya fedha, na gari likapendeza zaidi.

Nimepata seti ya mtumba. Niangalie nini?

Meno kwanza, yote matano, kwa tochi. Kisha koni ya nyuma, kama ina mikwaruzo ya kuzunguka ujue gurudumu liliwahi kuendeshwa likiwa limelegea. Kisha piga spoki. Kutu ya juu juu isikutishe. Na uliza kama habu zake zinauzwa pamoja. Muuzaji akisema habu zilitupwa, nusu ya mara sababu unaijua.

Nikipata pancha barabarani, hatua ni zipi?

Legeza nati pigo moja kabla ya kuinua, gurudumu likiwa bado chini, uzito wa gari ukilishika lisizunguke. Kumbuka: masikio ya juu yanaenda bampa ya mbele. Inua, fungua, vuta gurudumu kwa mikono miwili sawasawa. Ukilivuta kwa mshazari meno yanabana. Likigoma, usilipige nyundo kwa nyuma. Rudisha nati nyuzi mbili tatu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma kidogo, inua tena; mara nyingi litakuwa limeachia. Futa meno kwa kitambaa kabla hujavalisha la spea, maana barabarani huna mafuta ya taa na mchanga mmoja unatosha. Na nati ukiivua usiiweke chini mchangani. Mimi huiweka kwenye kiti cha dereva, hivyo siwezi kuondoka bila kuikalia.